Mama wa Tafakari ya Ijumaa

"Sikutaja jina la mtu," Mchungaji alisema kwa mara ya tatu.

"Umetaja kazi," nikamjibu. "Umeandika 'mama yake anapima maji ya mji.' Wapima maji wa mji huu tuko watatu. Mmoja ni mwanamume, mwingine hajazaa. Haya, niambie huyo wa tatu ni nani."

"Mama, tukae kwanza."

"Nimekaa siku tatu. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Leo nimesimama."

Yeye alikuwa amekaa. Chumba chake kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo kabla hakijabandikwa kibao cha mlezi wa kiroho, na mpaka leo kinanuka mipira na viatu vilivyolowa. Kina dirisha moja linalotazama tangi la maji, meza, viti viwili, na rafu iliyojaa daftari. Kila mwanafunzi wa shule ile ana daftari lake la tafakari. Anaandika ukurasa mmoja kwa wiki juu ya maisha yake, Mchungaji anasoma, na kila Ijumaa anatunga ujumbe wake kutokana na aliyoyasoma. Unabandikwa kwenye ubao wa matangazo na kutumwa kwenye kundi la wazazi. Watoto wanamwita Bwana Tafakari. Miaka miwili nilikuwa nausoma ujumbe huo nikisubiri chai ichemke, naufuta, naendelea na yangu.

Wa Ijumaa hiyo sikuufuta. Nilimsomea pale pale, simu mkononi:

"'Wapendwa wazazi, wiki hii moyo wangu ni mzito. Yupo binti kati yetu, wa kidato cha pili, mtoto wa pekee. Mama yake anapima maji ya mji ili sisi sote tunywe salama. Lakini binti huyu ameniandikia: Mama ananipiga kila siku nikifika nyumbani. Nikichelewa dakika tano ananipiga mara tatu. Wapendwa, tujiulize: nani anayapima maji ya nyumba hiyo?'"

Nikaiweka simu mezani.

"Nani anayapima maji ya nyumba hiyo. Ulipofika hapo ulijipongeza, eh? Ulijiona umeandika."

Masikio yake yalianza kung'aa.

Ujumbe ule ulitoka Ijumaa saa moja jioni. Saa moja na dakika nne, wifi yangu, ambaye watoto wake wawili wanasoma pale pale, aliandika mbele ya wazazi mia mbili: "Kumbe damu yetu inateswa na sisi tumekaa kimya." Hiyo damu yake hajawahi kuinunulia hata kalamu. Na kaka yake, baba wa mtoto, alihamia mji mwingine na mke mwingine mwaka ambao binti alianza darasa la tatu, na siku hiyo wifi hakuiona damu yoyote. Jumamosi mwenye duka la chini ya nyumba yetu alinihudumia bila kuniangalia usoni. Jumapili nilishinda ndani. Binti naye alijifungia chumbani akasema kichwa kinamuuma. Nilisimama mlangoni kwake nikamuuliza, "Mimi nakupiga?" Akasema, "Hapana." "Sasa umeandika nini?" "Sikuandika hivyo." Baada ya hapo ukawa kama unaongea na kabati.

Nimempiga mwanangu mara moja tu katika maisha yake. Alikuwa na miaka mitano, na alikuwa anaingiza msumari kwenye tundu la umeme.

"Nataka daftari lake," nilimwambia Mchungaji.

"Daftari ni siri kati yangu na mwanafunzi."

"Siri! Siri umeitangaza kwa watu mia mbili, ukaiwekea na vile vimikono vya kuomba mwishoni."

Mwalimu Mkuu aliingia hapo bila kubisha hodi, na jalada kifuani. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayeongea kama mtu anayelipia kila neno.

"Mama, habari za leo."

"Zingekuwa nzuri nisingekuwa hapa."

"Vizuri umekuja mwenyewe. Kamati ya malezi imekaa asubuhi. Tumeamua binti ahamie bwenini leo. Sahihi yako hapa."

Alifungua jalada. Fomu ilikuwa imeshajazwa. Kwenye nafasi ya sababu waliandika: *Usalama wa mtoto.*

"Kamati imekaa bila mimi?"

"Wewe ni mhusika."

"Sema mshtakiwa. Mimi si mtoto wa shule, usinifiche."

"Usipotia sahihi," akasema, "nalipeleka jambo hili ustawi wa jamii. Wakija hawatakuja hapa. Watakuja kwako, na wakiamua kumchukua hawatampeleka mahali utakapopajua leo hii. Mimi nakupa bweni. Chagua."

Niliitazama ile fomu. Kuitia sahihi ni kukiri. Kesho wifi angeibandika ukutani kwake kama picha ya harusi. Nisipoitia, wangekuja watu na vitambulisho shingoni, wapite mbele ya mwenye duka, wapande ngazi zetu. Nina mtoto mmoja. Sina wa akiba.

"Sitii sahihi juu ya kitu ambacho sijakiona," nilisema. "Daftari."

Mwalimu Mkuu alimtazama Mchungaji, akaitikia kwa kichwa. Mchungaji alisimama, akafungua rundo la kidato cha pili lililofungwa kwa mpira, akapekua mpaka katikati. Alilishika kidogo kabla hajanipa. Nikalivuta.

Mwandiko wa mwanangu naujua. Ni mdogo, unalala kushoto. Ukurasa ulikuwa wa wiki iliyopita, wino wa bluu, na juu yake ulipita wino mwekundu. Nilisoma mstari wa kwanza mara mbili. Nikakaa. Kisha nikasimama tena kwa sababu sikutaka anione nimekaa.

"Hii nyekundu ni ya nani?"

"Yangu," alisema Mchungaji. "Huwa nasahihisha kidogo. Ni mazoea. Nilifundisha Kiswahili miaka ishirini na miwili kabla sijapewa kazi hii."

"Nisomee alichoandika mtoto. Si ulichoandika wewe. Alichoandika mtoto."

Alivaa miwani. "'Mama anani... ananipigia kila siku nikifika nyumbani.'"

"Rudia hilo neno."

"Ananipigia. Lakini, Mama, sarufi yake haikamiliki. Ona, niliuliza pembeni."

Kweli aliuliza. Ile *i* iliyo kabla ya *a* ya mwisho ilikuwa imekatwa kwa mstari mwekundu, ikabaki *ananipiga*, na pembeni ameandika: *Ananipigia NINI? Angalia sarufi!* Chini yake, kwa mwandiko wa pole zaidi: *Pole sana mwanangu. Nimekuelewa.*

Kati yao wawili, Mwalimu Mkuu ndiye aliyeelewa wa kwanza. "Simu," alisema.

"Simu haijaandikwa popote," alisema Mchungaji.

"Wewe ukimwambia mkeo 'nitakupigia baadaye', anakimbilia polisi?" nikamuuliza.

Mwalimu Mkuu alikohoa ndani ya kiganja. Mchungaji alivua miwani, akaivaa tena, kana kwamba ile *i* ingerudi yenyewe.

"Kauli ya kutendea inataka kitu," alianza, na nadhani hakujua kwamba anaongea kwa sauti. "Mtu hupigiwa simu, hupigiwa makofi, hupigiwa debe..."

"Mimi nimepigiwa kelele na mji mzima! Na wewe umekaa hapo unanifundisha sarufi!" Nilimgongea ukurasa kwa kidole. "Sikiliza, Bwana Tafakari. Kwangu kazini chupa zinaletwa na lebo. Lebo ikisema kitu nisichokielewa, sikati herufi mpaka nielewe. Nampigia aliyeyachota yale maji. *Nampigia*, umesikia? Namuuliza: hapa umeandika nini? Inachukua dakika moja. Mtoto huyu anapita mbele ya dirisha lako kila siku mara nne. Ulishindwa kumwita?"

"Niliogopa kumwita."

"Uliogopa nini?"

Aliketi.

"Mwaka juzi mtoto mwingine aliandika jambo. Aliliandika vibaya, herufi zimepinda, nikasema ni utani, au amekosea tu. Nikamwita, nikamuuliza, akacheka, akasema ndiyo, ni utani. Nikaamini kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini. Wiki mbili baadaye aliletwa shuleni mkono umefungwa plasta. Safari hii nilisema siulizi. Nasema."

"Kwa hiyo mkono wa mtoto yule unaungwa kwa kunivunja mimi."

"Sijasema hivyo."

"Ndicho ulichofanya."

Nje, wavulana walikuwa wanapiga mpira kwenye ukuta, na kila ulipogonga, rafu ilitetemeka kidogo. Nilidhani tumemaliza. Nilijua nitakachosema: fomu ichanwe, radhi iombwe, mimi nirudi kazini kabla ya saa sita.

"Herufi nimeikosea," alisema Mchungaji. "Nakubali, na nitalipa. Lakini Mama, umesoma mstari mmoja. Huko chini zaidi sikugusa."

Nilitaka kumwambia akome. Badala yake macho yakateremka.

*Nikichelewa dakika tano ananipigia mara tatu.* Hapo pia alikata *i* yake. Baada ya hapo wino mwekundu ulikoma. *Nikisikia sauti yake mikono inatetemeka. Anaanza kuuliza nikiwa bado nahema. Akimaliza nakaa sakafuni nyuma ya mlango. Silii. Nakaa tu mpaka giza linaingia. Halafu nawasha taa, napika, ili akija akute mtu mzuri.*

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa vipimo. Ukinionyesha namba nitabishana nawe mpaka kesho. Hapo hapakuwa na namba.

"Mwiteni," nilisema.

Mwalimu Mkuu alimtuma mtu. Binti alikuja na vumbi la chaki kwenye sketi, akasimama karibu na mlango. Alimwona Mchungaji, akaona daftari mkononi mwangu, na uso wake ukafungwa.

"Waambie," nilimwambia. "Mimi nakupiga?"

"Hapana. Unanipigia."

"Haya. Mmesikia kwa masikio yenu." Nililifunga daftari. "Twende ukachukue mkoba, leo unarudi na mimi."

"Mama, mimi nataka kukaa bwenini."

Alilisema taratibu, akiwa anatazama kona ya meza.

"Bwenini? Kwa nini bwenini? Nani amekuambia habari za bweni? Ni shangazi yako? Nyumbani unakosa nini? Chakula? Kitanda? Una chumba chako peke yako, huku mnalala wangapi? Unajua huku mnaamshwa saa ngapi?"

Alisubiri. Nilipotulia, akasubiri kidogo zaidi, kama karani anayehakikisha foleni imeisha.

"Umemaliza?" aliuliza. Hakuwa na ufidhuli. Alikuwa anauliza kweli. "Maswali ni tisa. Nianze na lipi?"

Mwalimu Mkuu alitazama sakafu.

"Huwa nayahesabu," binti aliendelea. "Nikiyahesabu siogopi sana. Umefika? Umefunga mlango? Umefunga na komeo? Mbona unahema? Uko na nani? Hiyo sauti ni ya nani? Ni redio ya jirani, Mama. Una hakika? Umekula? Umeanza hesabu? Rudi kaangalie komeo. Alhamisi yalikuwa kumi na tisa."

"Unajua kwa nini nauliza!" Sauti yangu ilipanda, na sikuiteremsha. "Waliingia nyumba ya pili mchana kweupe, saa tisa, wakamkuta mtoto wa watu peke yake ndani. Mimi natoka kazini saa kumi na mbili. Nifanye nini, niache maji ya mji nikae mlangoni? Mpaka nisikie sauti yako ndiyo nashusha pumzi!"

"Najua. Ukiishusha wewe, mimi ndiyo naibana."

Mchungaji alijikohoza. "Labda hapa sote tujiulize..."

"Wewe usijiulize kitu!" nilimkatiza.

Lakini binti alishamgeukia. "Mchungaji, mimi nilikuandikia wewe. Sikuwaandikia wazazi mia mbili. Shangazi alinipigia Ijumaa akaniambia nitoroke. Darasani wanavuta mikono ya shati langu waone alama. Sitaandika tena, hata ukinipa adhabu."

Mtu yule nilikuwa nimemtukana nusu saa nzima na alikuwa bado amekaa wima. Kwa maneno hayo ya mtoto mabega yake yalishuka. Sikumwonea huruma. Kila mtu achukue lake.

"Ukihamia bwenini leo," nilimwambia binti, "watu watasema ni kweli. Unalijua hilo?"

"Wameshasema, Mama. Wataendelea mpaka wachoke. Mimi nitakuwa nimelala."

Hapo ndipo nilipoamua. Si kwa sababu moyo ulilainika. Ulikuwa mgumu kama jiwe la kusagia. Niliamua kwa sababu nilimwona mtoto wa miaka kumi na minne amesimama na jibu, na watu wazima watatu hatuna. Ukiwa na sampuli chafu hubishani na chupa.

"Mchungaji, chukua simu yako."

Aliichukua.

"Andika kwenye kundi la wazazi. Sasa hivi, hapa, mimi nikiona."

Alianza kuandika, midomo ikicheza. Nilichungulia juu ya bega lake. *Wapendwa, katika safari yetu ya malezi, kuna nyakati ambapo...*

"Futa."

"Nilitaka kuweka utangulizi."

"Utangulizi ulishauweka Ijumaa. Andika: Nilikosea."

Alifuta. Akaandika ninavyomtajia, na Mwalimu Mkuu amesimama upande wa pili kama msimamizi wa mtihani: *Nilikosea. Mwanafunzi aliandika 'ananipigia', yaani kwa simu. Nikakata herufi mimi mwenyewe, bila kumuuliza. Mama huyo hampigi mtoto wake. Namwomba radhi mama, na namwomba radhi mwanafunzi kwa kutoa siri yake.* Hiyo sentensi ya mwisho, nusu yake ya pili, aliiongeza mwenyewe. Sikumtajia.

"Weka jina lako chini."

Aliliweka. Akatuma. Haikupita dakika, simu yangu ikaunguruma mezani. Wifi: *Pafukapo moshi pana moto.* Nilimwonyesha Mchungaji.

"Huo moto ni wako," nilimwambia. "Utakuwa unauzima wewe."

Kisha nikamgeukia Mwalimu Mkuu. "Leta fomu. Lakini hiyo sababu siisaini."

"Ndiyo iliyopitishwa na kamati."

"Kamati ilipitisha herufi isiyokuwepo. Andika sababu ya kweli au tupelekane huko ustawi wa jamii, na daftari hili naenda nalo."

Alinitazama. Nadhani alikuwa anapima kama nina maana. Alitoa kalamu, akapiga mstari juu ya *Usalama wa mtoto*, akaandika juu yake *Ameomba mwenyewe*, akatia sahihi yake ndogo pembeni. Ndipo nikatia yangu. Binti alikuwa anatazama kalamu, hakusema asante, na sikuhitaji aseme.

"Daftari ni lake," nilisema, nikampa mkononi. "Usilirudishe kwenye rafu ile."

Mchungaji aliinuka kutusindikiza. Nilimwambia akae. Nilimwambia pia kwamba sijamsamehe, asije akaliandika hilo Ijumaa kwamba nimemsamehe. Akasema hataandika. Nikamwambia nitasoma.

Tulitoka. Nilipiga simu kazini nikasema leo siji, chupa za asubuhi zikae kwenye jokofu. Tukaenda sokoni mimi na binti, yeye mbele mimi nyuma, kisha sambamba. Nilinunua godoro la futi mbili na nusu, la bei ya kati, kwa sababu ya bei ya chini yanaisha kwa muhula mmoja. Nikanunua ndoo yenye mfuniko, shuka mbili, chandarua, sanduku la bati na kufuli. Muuzaji alitaka kujua kama mtoto anaanza shule. "Anahama," nilisema. Alitaka kuendelea. Nilimtazama, akafunga godoro kwa kamba.

Matroni alitupokea mlangoni mwa bweni na orodha ya sheria. Simu haziruhusiwi. Wageni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Dharura inapita ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Alizisoma zote kwa sauti moja, na baada ya kila sheria alinitazama kwa jicho la mtu aliyesoma tafakari ya Ijumaa na hajasoma ya Jumatatu.

"Umeangalia simu yako leo, dada?" nilimuuliza.

"Bado."

"Iangalie."

Kitanda alichopewa kilikuwa cha juu, karibu na dirisha. Dirisha lilikuwa na nondo. Nilizivuta moja moja, zilikuwa imara. Mlango wa bweni ulikuwa na makomeo mawili. Binti aliniona nikitazama komeo. Nilifumba mdomo, nikapanda ngazi ya kitanda, nikatandika godoro, nikakunja pembe za shuka mpaka zikakaa. Nilifunga chandarua kwenye nondo kwa mafundo mawili. Yeye alipanga nguo kwenye sanduku.

"Inatosha, Mama," alisema. "Kengele imelia."

Nikashuka. Nikafunga kufuli la sanduku, nikampa ufunguo, nikaondoka.